Je, wajua kwa nini msumari hugeuka rangi ya shaba ndani ya mrututu?

Chukua msumari wa chuma, usugue kwa msasa hadi ung'ae, ufunge uzi, kisha utumbukize nusu yake katika myeyusho wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule wa buluu iliyokolea. Baada ya dakika chache uvute. Nusu iliyozama imevaa wekundu wa shaba. Nusu ya juu iko vilevile. Ukiuacha humo siku nzima, buluu nayo hufifia na maji huelekea ukijani hafifu.

Wanaalkemia wa zamani, yaani wale waliotafuta kugeuza metali moja kuwa nyingine, waliona jambo hili wakaamini kuwa chuma kimegeuka shaba. Siwacheki, maana ndivyo macho yanavyosema. Lakini hakuna kilichogeuka. Vitu viwili vimepeana nafasi.

Shaba ilikuwemo majini tangu mwanzo, ila kwa umbo la ayoni, yaani atomu zilizopungukiwa elektroni mbili, zile chembe ndogo zenye chaji hasi. Ayoni hizo zikizungukwa na maji ndizo zinazoleta ile buluu. Sasa chuma ni mwepesi wa kuachia elektroni kuliko shaba. Atomu ya chuma huachia elektroni zake mbili na kuzama majini ikiwa ayoni. Ayoni ya shaba huzipokea elektroni hizo, ikawa metali, ikaganda palepale juu ya msumari. Buluu hufifia kwa sababu wenye rangi wanahama.

Unataka ushahidi? Subiri buluu iishe kabisa, kisha dondoshea maji hayo hidroksidi ya sodiamu. Mashapo ya kijani kichafu yatajitokeza, nayo ni alama ya chuma. Shaba ingetoa mashapo ya buluu. Mizani nayo ina neno: kila gramu 56 za chuma zinapoyeyuka, gramu 63.5 hivi za shaba huganda. Kwa hiyo msumari ulioliwa huongezeka uzito, mradi shaba isibanduke!

Kinyume chake hakiwezekani. Tia waya wa shaba katika salfeti ya chuma, utasubiri hadi uchoke. Utie katika naitreti ya fedha, sindano za fedha zitauota pande zote na maji yatageuka buluu, kwani safari hii shaba ndiyo inayoachia elektroni.

Huko China, enzi za nasaba ya Song (960–1279), njia hiyohiyo ilitumika kuzalisha shaba kwa wingi: chuma kililowekwa katika maji yenye mrututu wa asili, kisha shaba ikakwanguliwa.

Ukijaribu ukapata utando mweusi badala ya wekundu, angalia msumari wako: huenda umepakwa zinki, na zinki huwahi kuachia elektroni kabla ya chuma. Na unawe mikono, mrututu ni sumu ukimezwa.