Kiyoyozi hakili gesi: maelezo kwa wenye majengo ya biashara Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, joto la pwani ya kusini nalo huanza kupanda, na ofisi, mabenki na hoteli kuanzia Mtwara na Mikindani hadi Lindi huwaita mafundi kwa ombi lilelile la kuongeza gesi. Ombi hilo limezoeleka kiasi kwamba baadhi ya wenye majengo huliweka kwenye bajeti ya kila mwaka kama gharama ya kawaida ya matengenezo. Si gharama ya kawaida, bali ni dalili ya kasoro ambayo haijatafutwa.

Gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa huisukuma hadi kwenye kondensa nje ya jengo, ambako hutoa joto na kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye vali ya kupunguza mgandamizo, huvukizwa kwenye koili ya ndani huku ikifyonza joto la chumba, na kurudi kwenye kompresa. Katika mzunguko huo haiungui wala haichakai, hivyo ikipungua imevuja. Katika miji yetu kuna sababu ya pekee: upepo wa bahari hubeba chumvi ambayo huligusa bati la alumini na bomba la shaba kwa pamoja na kuzitafuna koili za nje, hasa kwenye majengo yanayotazama bahari, ambako koili inapaswa kuoshwa kwa maji safi mara kwa mara. Sehemu nyingine za kukagua kwanza ni maungio ya nati, hasa yale yaliyokazwa bila kipimo.

Si kila kiyoyozi kisichopooza kimepungukiwa gesi. Kichujio kilichoziba vumbi hupunguza hewa inayopita kwenye koili ya ndani hadi ikagandisha barafu, na dalili hiyo hufanana sana na ya gesi pungufu. Fundi anayefunga geji (kipimo cha mgandamizo wa gesi) kabla ya kufungua kichujio ameanzia mwisho.

Uvujaji ukithibitishwa, mfumo hupimwa kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Oksijeni isitumike kamwe kwa kazi hii, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo inaweza kulipuka. Baada ya kuziba, pampu ya vakyumu hutoa hewa na unyevu hadi kipimo kishuke chini ya mikroni 500 (mikroni ni kizio cha mgandamizo mdogo sana), kisha vali hufungwa na kipimo kutazamwa kwa muda: kikipanda mfululizo, kuna tundu au unyevu uliobaki. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kwa kisingizio cha haraka, ilhali hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na mafuta yanayotumika pamoja na R-410A, mojawapo ya aina za gesi ya kiyoyozi, huunyonya kwa urahisi na hatimaye kuzalisha asidi inayoharibu nyaya za mota ya kompresa.

Kisha huja kujaza kwenyewe, na hapa ndipo geji hutegemewa kupita uwezo wake. Mahali ambapo kimiminika na mvuke vimo pamoja, mgandamizo hueleza halijoto, si wingi. Ndiyo maana muuzaji wa gesi ya kupikia huuweka mtungi kwenye mizani. Kiyoyozi nacho kijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, ukiongezwa gramu kwa kila mita ya bomba inayozidi urefu uliokadiriwa kiwandani. Katika mifumo mikubwa ambayo mtambo mmoja wa nje huhudumia vyumba vingi, nyongeza hiyo hukokotolewa kwa urefu na kipenyo cha bomba la kimiminika. R-410A na aina nyingine iitwayo R-407C ni mchanganyiko wa gesi zaidi ya moja, hivyo hutolewa mtungini zikiwa kimiminika ili uwiano usivurugike. Na R-407C ikivuja kwa wingi, ni salama zaidi kuondoa iliyobaki na kuanza upya kuliko kujazia juu yake. Mfumo ambao vali yake ya kupunguza mgandamizo hujirekebisha yenyewe huhakikiwa kwa kupima ni kwa nyuzi ngapi kimiminika kinachotoka kwenye kondensa kimepoa chini ya halijoto ambayo mvuke hugeuka kuwa kimiminika. Mara nyingi ni kati ya nyuzi 5 na 8, lakini neno la mwisho ni la mtengenezaji.

Gesi ikizidi, mgandamizo wa juu hupanda, bili ya umeme hupanda nayo, na kimiminika kinaweza kurudi kwenye kompresa na kuvunja vali zake. Vilevile, R-410A isitiwe katika mtambo uliotengenezwa kwa R-22, gesi ya aina nyingine: kwenye nyuzi 45 mgandamizo wake hufikia takriban baa 26, dhidi ya 16 za R-22. Isitoshe, R-22 huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuitumia ifikapo 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Gesi ya aina ya R-32 nayo huweza kuwaka, ijapokuwa si kwa wepesi, kwa hiyo chumba kipitishe hewa na moto uwe mbali.

Gesi ya zamani haiachiwi hewani: kilo moja ya R-410A hupasha dunia joto zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksaidi. Hukusanywa kwa mashine katika mtungi wake maalumu, na mwenye jengo ana haki ya kudai hati inayotaja kilo zilizotolewa, kilo zilizotiwa, aina ya gesi na mahali uvujaji ulipozibwa, kabla ya kulipa.