Medali ya Emong Si Sababu ya Kumnyima Mtoto Dakika Zake 45

Kila inapokaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ofisi yetu hupokea maombi kutoka shuleni na redioni: tupeni majina ya watu mashuhuri wenye ulemavu tuwasomee watoto. Tunayatoa kwa moyo mkunjufu. Safari hii nimeona niyatoe pamoja na maelezo, kwa kuwa malalamiko yanayoletwa mezani kwangu yanaonyesha kwamba majina hayo yameanza kugeuzwa fimbo ya kuwachapia wengine.

Wiki chache zilizopita mama mmoja kutoka upande wa Busia aliingia ofisini na binti yake. Mtoto yuko darasa la sita. Mkono wake wa kulia umedhoofu tangu utotoni, hivyo anaandika kwa kushoto. Nilimpa karatasi aandike jina lake na la shule. Akaikandamiza kwa kiwiko cha kulia isiteleze, akaandika herufi moja baada ya nyingine, safi, zimenyooka. Karatasi ilipocheza alisimama, akairudisha, akaendelea. Mistari miwili ilimchukua karibu dakika mbili. Mama alikuwa amemwendea mwalimu mkuu kuuliza habari ya muda wa ziada katika mtihani wa mwakani. Akajibiwa hivi: "Mama, hujamsikia Husnah? Mkono hana na ameogelea mpaka Japani. Huyu wako umemdekeza."

Naamini mwalimu huyo hakuwa na nia mbaya. Lakini alichosema ni kosa, tena kosa ambalo mtu wa elimu hakupaswa kulifanya.

Husnah Kukundakwe, mwogeleaji wa Uganda, alizaliwa mwaka 2007 bila sehemu ya chini ya mkono wake wa kulia. Mwaka 2021, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, aliingia majini akiwa na miaka 14, mwanamichezo mdogo kuliko wote walioshiriki. Mwaka 2024 alikwenda tena, mara hii Paris. Anaogelea vizuri, na nchi ina haki ya kujivunia. Ila watu hawaulizi alishindana na nani na kwa utaratibu gani. Kabla mwogeleaji wa Paralimpiki hajaruhusiwa kushindana, wataalamu humpima viungo, humtazama akiwa majini, kisha humpangia daraja. Herufi S ni ya mitindo huru, chali na kipepeo. SB ni ya mtindo wa chura. Tarakimu inayofuata huonyesha kiasi ambacho ulemavu unaathiri uogeleaji wake, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo athari inavyokuwa kubwa. Tokyo Husnah aliogelea mita 100 za chura katika daraja SB8, akiwa na wenzake waliopimwa wakaonekana wa daraja hilohilo. Kwa hiyo huyo anayetajwa kama ushahidi kwamba mtoto hahitaji kufikiriwa, yeye mwenyewe anashindana ndani ya mfumo uliojengwa juu ya kufikiriwa.

David Emong, mkimbiaji wetu, ni vilevile. Alipata medali ya fedha katika mita 1,500 Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo London mwaka 2017, akarudi na shaba kutoka Tokyo. Mbio zake ni za daraja T46: T ni riadha ya kwenye njia, 46 ni kundi la wenye ulemavu wa mkono. Mtu aliyewahi kukimbia anajua mikono ndiyo inayoshika mizani ya mwili, hasa kwenye kona na katika mita mia za mwisho. Nimesikia watu wazima wakisema Paralimpiki ni mashindano ya kuoneana huruma. Hao wangemtazama Emong kwenye mzunguko wa mwisho.

Na kuna mzee ambaye vijana wengi hawamjui, nami humtaja kila ninapopewa nafasi. Tofiri Kibuuka alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Mwaka 1969 alikuwa katika kundi la Waafrika wasioona waliopanda Kilimanjaro. Mwaka 1976, ilipofanyika kwa mara ya kwanza Paralimpiki ya majira ya baridi huko Örnsköldsvik, Sweden, Uganda ilikuwepo, na mwakilishi wake alikuwa Kibuuka, Mwafrika pekee, akishindana kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni. Fikiria hilo kwa utulivu: nchi ambayo theluji yake iko juu kileleni Rwenzori tu. Alirudi kwenye michezo hiyo mwaka 1980 huko Geilo, Norway, na baadaye akawa anashindana chini ya bendera ya Norway. Asiyeona anapoteleza huwa na mwongozaji anayemwelekeza kwa sauti, kona iko wapi, mteremko unaanzia wapi. Hakuna aliyedai medali ipunguzwe thamani kwa sababu ya sauti hiyo.

Naguru, hapa Kampala, yuko Bashir Ramathan, bondia asiyeona. Anayepambana naye akiwa na macho mazima hufungwa kitambaa usoni ili wawe sawa. Sina la kuongeza hapo.

Nje ya michezo habari zetu ni nzito zaidi, ingawa redio hazizipendi sana. Mwaka 1996 Alex Ndeezi aliingia Bungeni, akawa kiziwi wa kwanza Afrika kuwa mbunge. Alifuatilia mijadala na kuchangia kupitia mkalimani wa lugha ya alama. Hakuingia kwa muujiza. Mwaka 1987 watu wenye ulemavu walikuwa wameunda muungano wao wa kitaifa, NUDIPU, wakaenda kusema na walioandika Katiba. Katiba ya 1995 ikatoka na ibara ya 35, inayosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na utu wake kulindwa, na miongozo yake ikataja kuendelezwa kwa lugha ya alama. Viti 5 vikatengwa Bungeni, na mabaraza ya serikali za mitaa nayo yakapata madiwani 2 wenye ulemavu, mmoja akiwa mwanamke. Kupitia mlango huo wametokea watu kama Florence Nayiga Sekabira, aliyepanda hadi kuwa waziri wa nchi, na Safia Nalule Juuko, aliyetoka Bungeni akaenda kuongoza Tume ya Fursa Sawa.

Hapa ndipo ninapoomba nieleweke. Kila jina nililotaja lina kitu kilichowekwa mahali pake kwanza: daraja, mwongozaji, mkalimani, kiti cha kisheria. Ukitaja jina ukakificha kitu hicho, umewapa watu nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani akilia.

Sasa utaratibu, kwa sababu ndiko watu wanakopotea. Baraza la Mitihani, UNEB, humpa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada kwa kila karatasi. Kwa asiyeona kuna karatasi za breli, kwa mwenye uoni hafifu kuna maandishi makubwa, kwa kiziwi kuna mkalimani, na kwa asiyeweza kushika kalamu kuna mtu wa kumwandikia. Haya si mambo ya kuombwa asubuhi ya mtihani. Mwalimu mkuu huyataja anapowaandikisha watahiniwa, mapema katika mwaka wa mtihani, na ni vizuri barua ya daktari iwepo shuleni kabla ya siku hiyo. Mzazi aulize hivi, maneno machache tu: "Umeshajaza mahitaji ya mwanangu?" Akijibiwa kwa hadithi za Husnah, aende kwa afisa elimu wa wilaya.

Kwa waajiri: mwajiri binafsi anayeithibitishia Mamlaka ya Mapato, URA, kwamba 5% ya wafanyakazi wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu, hupunguziwa 2% ya kodi yake ya mapato. Mwenye wafanyakazi 60 anahitaji watatu. Kama kodi yake ni shilingi milioni 100, anaokoa milioni 2. Vibarua wa siku mbili tatu hawahesabiwi, msijisumbue kuwaorodhesha. Kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake kumekatazwa na Sheria ya Ajira ya 2006, na malalamiko huanzia kwa afisa kazi wa wilaya. Ubaguzi katika huduma nyingine, shule, zahanati, ofisi ya serikali, unaweza kupelekwa Tume ya Fursa Sawa, ambayo sheria imeipa uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka. Andikeni tarehe, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa na nani alikuwepo. Barua isemayo "wananionea" haitusaidii.

Watu huuliza pia kuhusu adhabu. Faini katika sheria zetu, pamoja na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, huandikwa kwa pointi za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000. Ukisoma pointi 10, zidisha: 200,000. Nimewahi kumpokea mwenye duka aliyedhani pointi 10 ni shilingi elfu kumi, akaja akicheka. Hakuondoka akicheka.

Jambo jingine linanichosha, nalo ni hili la "wanapewa pesa za bure". Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu hutolewa kwa vikundi, hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi, na kikundi huandika mradi na kukaguliwa. Mwenye shaka aende mpakani Busia awaulize wafanyabiashara wa zamani waliovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakizungusha pedeli kwa mikono, gunia limefungwa nyuma ya kiti. Walijenga nyumba kwa mikono hiyo na kusomesha watoto, muda mrefu kabla ya kituo kipya cha pamoja cha mpakani kufunguliwa mwaka 2018. Hakuna gazeti lililowaandika kama mashujaa, na wao walikuwa wakitafuta wateja tu.

Yule mama wa Busia nilimwandikia karatasi yenye mambo matatu: barua ya daktari, barua yake kwa mwalimu mkuu yenye nakala kwa afisa elimu wa wilaya, na tarehe ya kurudi kwangu. Binti akaomba aikunje yeye. Aliikunja kwa mkono mmoja juu ya goti, mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare.