"Hata mimi ningekimbia nyuma ya laini ile": hapana, usingekimbia

Jumapili baada ya ibada, sahani za pilau zikiwa bado mikononi, kaka mmoja ninayemheshimu sana alinigeukia: "Kocha, tuseme ukweli. Saquon Barkley ni laini tu. Nyuma ya wale mabaunsa wa Eagles hata mimi ningekimbia." Alimaanisha kwamba sifa za Barkley, raning beki (mkimbiaji na mpira) wa Philadelphia Eagles kwenye futiboli ya Marekani, ni za laini, yaani wale watano wanaowazuia wapinzani mbele yake. Meza nzima ikanitazama ikisubiri niitikie, maana wanajua kazi yangu: huu ni msimu wa tisa nafundisha watu wa laini katika sekondari moja hapa Ohio. Neno hilo nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwenye kundi la WhatsApp, nimelisikia kwa wazazi jukwaani. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza nimpe haki yake. Mwaka 2014 raning beki DeMarco Murray alikimbia yadi 1,845 akiwa na Dallas Cowboys, wastani wa yadi 4.7 kwa kila mbio. Mwaka uliofuata akahamia Eagles, akaambulia yadi 702, wastani wa 3.6. Dallas wakampa mpira Darren McFadden, mtu ambaye wengi walishamkatia tamaa, nyuma ya watu wa laini walewale, Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin: yadi 1,089, wastani wa 4.6. Na Barry Sanders wa Detroit Lions, ambaye miguu yake sijaona mfano wake, alipewa mpira mara 13 kule Green Bay kwenye mechi ya mtoano, Desemba 31, 1994. Akamaliza na yadi moja chini ya sifuri. Pasipo na upenyo, hapapitiki.

Sasa Barkley. Mwaka 2023 akiwa Giants, wastani wa 3.9. Mwaka 2024 akiwa Philadelphia, 5.8 na jumla ya yadi 2,005. Hapo ndipo kaka yangu anapofunga mjadala. Mimi ndipo ninapoufungua. Mwaka mmoja kabla yake, D'Andre Swift alikimbia nyuma ya laini hiyohiyo kwa sehemu kubwa, tena senta (mtu wa katikati ya laini) akiwa Jason Kelce, aliyestaafu mwezi uleule Barkley aliposaini. Swift alipata 4.6. Jalen Hurts, kwotabeki (mgawa mpira) ambaye naye hukimbia, alikuwepo misimu yote miwili, na mlinzi wa pembeni alilazimika kumchunga misimu yote miwili. Hiyo yadi moja na zaidi, kila mbio, imetoka wapi?

Tazama mechi dhidi ya Rams, Novemba 2024. Barkley alipata yadi 255 kwa mbio 26. Mbili kati yake zilikuwa za yadi 70 na 72. Zitoe hizo mbili: zinabaki mbio 24 kwa yadi 113, wastani wa 4.7, kama wa Swift tu. Ni mechi moja, sitaki kuibebesha mzigo usioiweza, lakini inaonyesha ninachokiona kila wiki. Laini inakupa yadi nne, tano. Baada ya hapo watu wangu wako chini kwenye nyasi na mwenye mpira amebaki na safeti, mlinzi wa mwisho nyuma.

Lakini kinachonikera hasa ni ile picha iliyo vichwani mwa watu: kwamba watano wanajenga mlango, wanaumaliza, halafu raning beki anapita kama mgeni aliyefunguliwa geti. Mlango haujengwi hivyo. Na yeye anaujenga, kwa miguu yake, kabla hajaufikia.

Chukua zoni ya ndani, mbio ambayo laini nzima inasogea upande mmoja na mwenye mpira anatafuta upenyo katikati. Gadi (jirani wa senta kwenye laini) na senta wanambana mpinzani mmoja mzito, mikono minne mwilini mwake, huku macho manne yakimtazama lainbeka, mlinzi wa safu ya pili, aliye yadi nne nyuma. Lainbeka akija upande wa gadi, gadi anamwachia senta yule mzito na kumkabili. Akija upande wa senta, senta ndiye anayetoka. Na lainbeka atakuja lini? Anaanza kwa kumsoma gadi, lakini kinachomng'oa mahali pake ni mwenye mpira. Raning beki akiwa na subira, akabana karibu na mgongo wa senta, lainbeka hana budi kungoja, na kila anapongoja wawili wangu wanazidi kumsukuma yule mzito nyuma. Raning beki akikata kona mapema, lainbeka anachomoka mapema, gadi anaachia mapema, senta anabaki peke yake na jitu la kilo 140. Yadi sifuri. Jukwaani wanapiga kelele: senta mbovu!

Msimu uliopita tulikuwa na kijana mwenye kasi ya ajabu. Kila zoni ya nje, mbio kama ile lakini inayoelekea pembeni, tangu hatua ya pili alikuwa ameshakimbilia mstari wa pembeni. Takoli wetu wa kulia (mtu wa mwisho kwenye laini), mtoto mpole, akapigwa bendera tatu, yaani adhabu, za kumshika mpinzani ndani ya mechi mbili. Baba yake akanisubiri getini, amekasirika. Nikamwonyesha mkanda: mikono ya mwanawe iko ndani kabisa, kiuno kiko chini, mlinzi wa wapinzani kamfunga kifuani. Kisha mwenye mpira anatokea upande ambao takoli hakumtegemea, mlinzi anajinasua kumfuata, jezi inavutika, bendera. Mikono ya mmoja imeponzwa na miguu ya mwingine.

Tukaweka koni ya njano nyuma ya takoli: hakuna kukata kabla hujaifikia. Hatua tatu, basi. Wiki mbili baadaye lainbeka wa wapinzani alipitiliza nje mwenyewe, gadi wangu akamwegemea tu, kijana akarudi ndani, yadi 34. Gadi akapongezwa na kila mtu. Nami nilimpongeza, ingawa aliyemletea yule lainbeka mikononi ni mwenye mpira.

Wapo wanaonitajia timu ya Denver na raning beki wake. Terrell Davis, aliyechaguliwa raundi ya sita, yadi 2,008 mwaka 1998. Akaumia goti, akaja Olandis Gary na 1,159. Mwaka 2000 Mike Anderson na 1,487. "Unaona? Yeyote!" Siyo yeyote. Mfumo wa Alex Gibbs, kocha wao wa laini, ulidai ukanyage mguu mmoja, ukate mara moja, upande juu. Mpira walipewa walioweza hivyo.

Na msiniletee "yadi kabla ya kuguswa" kama kipimo cha laini. Sanders alikuwa akimkwepa mtu nyuma kabisa, haguswi, anapata yadi sita. Zote sita zinaandikwa kabla ya kuguswa, na laini inasifiwa kwa mtu iliyemkosa.

Hata sisi wenye mkanda hatuko salama. Jumamosi asubuhi nampa kila kijana alama ya jumlisha au ya kutoa kwa kila mbio, na naandika kwa penseli kwa sababu. Mwezi uliopita nilimpa gadi alama ya kutoa kwa kumwacha lainbeka apite. Jumatatu akaniambia kwa adabu, "Kocha, senta aliniita nibaki." Nikamuuliza senta, akakubali. Nikafuta, nikaihamishia kwa senta. Kisha nikarudisha mkanda tena, nikatazama hatua ya kwanza ya mwenye mpira, ikiwa pana kupita kiasi, na penseli ikabaki hewani.