Kipimo cha R: namba ya kusoma kwanza unapochagua godoro la kambi

Kipimo cha R ni namba inayoeleza jinsi godoro la kambi linavyozuia joto la mwili lisipotelee ardhini. Namba ikiwa kubwa, joto hupita kwa shida. Ikiwa ndogo, hupita kwa wepesi. Magodoro membamba ya sponji ngumu huwa kati ya 1 na 2, ya kujaza upepo yenye kinga ndani mara nyingi huwa kati ya 3 na 5, na yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kulala juu ya theluji hufika 7 au kuzidi kidogo.

Wanunuzi wengi huangalia unene na ulaini, kisha wakipigwa na baridi usiku hulaumu begi la kulalia. Begi halina kosa hapo. Manyoya au nyuzi zilizomo ndani yake hutunza joto kwa sababu zinashika hewa isisogee, na mtu akilala juu yake, uzito wa mabega, mgongo na nyonga huibana ile hewa yote ikatoka. Chini ya mwili vinabaki vitambaa viwili na nyuzi zilizolala bapa. Hata nyuzijoto zinazoandikwa kwenye begi lililopimwa kitaalamu hupatikana likiwa limetandikwa juu ya godoro lenye kinga. Ukilitandika begi la −10 juu ya godoro la R 1, ile −10 haikuhusu tena.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua mtu mzima ambaye sehemu ya mwili wake inayogusa godoro ni kama nusu mita ya mraba, joto upande wake ni nyuzi 30 na ardhi iko kwenye sifuri. Kwa godoro la R 1, joto linalopotea kwenda chini ni kama wati 85. Kwa R 2 ni wati 43, kwa R 4 ni wati 21, na kwa R 6 ni wati 14. Mwili wa mtu aliyelala huzalisha takriban wati 70 hadi 80 kwa jumla. Maana yake, juu ya ardhi ya sifuri, godoro la R 1 linaweza kumeza joto lote unalotengeneza kabla hujahesabu linalotokea kichwani, usoni na kwa pumzi. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa udongo ulio chini yako nao hupata joto kidogo usiku ukiendelea, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Hesabu hiyohiyo inakuambia mahali pa kuweka pesa. Kutoka R 1 kwenda R 2 unaokoa zaidi ya wati 40. Kutoka R 6 kwenda R 7 unaokoa wati 2 tu. Kwa mtu anayelalia sponji nyembamba, hatua ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu.

Namba yenyewe hupatikana maabara. Godoro hubanwa kati ya sahani mbili, moja ya moto wa nyuzi 35 kama ngozi, nyingine ya baridi ya nyuzi 5 kama ardhi, kisha hupimwa umeme unaohitajika ili ile ya moto isipoe. Utaratibu huo unaitwa ASTM F3340, ulitolewa mwaka 2018, na watengenezaji wakubwa walianza kuutumia kwenye lebo zao mwaka 2020. Kabla ya hapo kila kampuni ilipima kwa njia yake, kwa hiyo godoro la zamani lililoandikwa R 5 usiliweke mezani sawa na jipya la R 5. Angalia pia kwamba namba za magodoro ya kambi zimo katika vipimo vya Kimarekani. Ukikutana na R ya kimetriki, kama inayotumika kwenye vifaa vya ujenzi, zidisha kwa 5.7 ndipo ulinganishe.

Jambo zuri kuliko yote kuhusu R ni kwamba hujumlishwa. Godoro la upepo la R 3 juu ya sponji ya R 2 linakupa R 5. Kwa milima yetu, mpangilio huo naupendelea kuliko godoro moja la bei kubwa: sponji hulinda la upepo lisitobolewe na mawe, na la upepo likipasuka usiku wa manane bado una kitu chini ya mgongo.

Unene hauna uhusiano wa moja kwa moja na R. Godoro tupu la upepo lenye unene wa sentimita 8, lile la kuogelea nalo au la wageni wa sebuleni, linaweza kuwa na R chini ya 1. Hewa iliyomo ina nafasi kubwa ya kusogea kila unapojigeuza, na joto pia hunururika kutoka kitambaa cha juu hadi cha chini bila kizuizi. Watengenezaji huziba njia hizo kwa kujaza nyuzi za sintetiki au manyoya laini ya bata, au kwa kupanga ndani karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini zinazorudisha joto lilikotoka. Zile za karatasi ni nyepesi sana na zina R kubwa, ila baadhi huchakarisha kila unapogeuka, jambo linalomkera mwenzako wa hema.

Kwa aina, sponji ngumu ya vitundu vilivyofungwa, inayokunjwa au kuviringishwa, ina uzito wa gramu 400 hivi, hainyonyi maji, haipasuki, na hutandikwa kwa sekunde tano. Ubaya wake ni ugumu: unene wake ni sentimita 1 hadi 2 tu, na anayelala ubavu ataamka nyonga inauma. Usiichanganye na sponji laini ya magodoro ya nyumbani, ambayo hunyonya maji na kubanwa ikawa bapa, wala na mkeka wa mazoezi wa milimita 5. Godoro linalojijaza lenyewe lina sponji ya vitundu wazi ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Ukifungua vali, sponji inatanuka na kuvuta hewa, kisha unaongeza pumzi chache. Linakaa vizuri mgongoni, lina R nzuri, ila ni zito, na mapana huzidi kilo 1.5. La tatu ni la upepo lenye kinga ndani: gramu 350 hadi 700, hukunjwa likawa kama chupa ya maji, laini kuliko yote, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi.

R ipi basi? Tafuta kwanza ardhi utakayolalia usiku wa baridi kuliko yote katika safari, usiangalie wastani. Pwani, Mikumi au Tsavo, R 1 hadi 2 inatosha na swali lako kubwa ni ulaini. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi kali na nyasi zina umande. Tafuta R 3. Kitulo mwezi Juni na Julai hupata jalidi, kwa hiyo R 3 hadi 4. Kwa Kilimanjaro kupitia Machame, kambi za Shira na Barranco ziko karibu na mita 3,900 na Barafu iko takriban mita 4,670, ambako ardhi huganda usiku. R 4 ndiyo ya chini kabisa, na R 5 itamfaa mtu anayepata baridi haraka. Kambi ya Shipton mlima Kenya, kwenye mita 4,200 hivi, ihesabu hivyohivyo. Anayepanda kwa njia ya Marangu analala kwenye vibanda vyenye vitanda na magodoro, hivyo hana haja ya kubeba.

Ukikodisha godoro Moshi au Arusha, uliza R. Lebo ikiwa imefutika, ongeza sponji chini na usibahatishe. Wapagazi nao wanalala kwenye ardhi ileile ya Barafu. Sponji ya R 2 kwa kila mmoja, juu ya turubai kavu, ni kifaa cha kazi sawa na viatu, na mwenye safari anapaswa kuuliza kama ipo kabla hajalipa.

Baada ya R njoo kwenye starehe. Upana wa kawaida ni sentimita 51 na urefu 183. Mtu mwenye mabega mapana, au anayelala mikono ikiwa imetanuka, atafute sentimita 64, maana kiwiko kinachoning'inia nje hugusa sakafu ya baridi usiku kucha. Anayelala ubavu anahitaji unene wa sentimita 7 au zaidi. Anayelala chali huridhika na 5. Magodoro yanayopungua upana miguuni huokoa gramu chache, lakini anayejigeuza sana atajikuta miguu iko chini. Dukani, lijaze, lalia kwa dakika kumi kwa mkao wako wa kawaida. Kulibonyeza kwa kidole hakukuambii kitu.

Kiasi cha upepo huharibu usingizi wa wengi. Lijaze likaze, lala, kisha fungua vali kidogokidogo mpaka nyonga izame bila kugusa ardhi. Likiwa gumu mno utateleza na mabega yatauma. Jioni likijazwa kwa hewa ya nyuzi 25 na usiku ikashuka hadi sifuri, hewa ya ndani husinyaa kwa takriban asilimia 8, hivyo godoro lililolegea saa nane usiku si lazima liwe limetoboka. Ongeza pumzi chache kabla ya kulala, hema likishapoa. Kwa kujaza, tumia mfuko wa kupulizia badala ya mdomo: pumzi huingiza unyevu unaoota kuvu na kulowesha kinga, na kwenye mita 4,000 kupuliza godoro zima kwa mdomo kunamchosha mtu ambaye tayari anahangaika na hewa nyembamba.

Mchana lipunguze upepo au litoe hemani. Godoro lililojaa likiachwa juani hupanuka, na kuta za ndani zinazoshikilia kitambaa cha juu na cha chini zikiachia, linatokea nundu ambalo halitengenezeki kambini wala nyumbani. Kabla ya kutandika, pitisha kiganja sakafuni mwa hema ukiokota miiba na vipande vya mawe. Kokoto za Barafu zina ncha kali.

Likitoboka, anza na vali, kwa kuwa punje ya mchanga kwenye mpira wake huvujisha kama tundu. Isuuze, funga, jaribu tena. Bado likivuja, lijaze likaze sana, paka maji ya sabuni sehemu baada ya sehemu na utazame mapovu. Weka alama kwa kalamu, likaushe kabisa, futa eneo kwa kitambaa chenye spiriti kutoka sanduku la huduma ya kwanza, toa upepo wote, kisha bandika kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande. Gundi ya kupaka isubiri muda ulioandikwa kwenye tyubu yake kabla ya kujaza. Mlimani kwenye baridi hukawia zaidi ya hapo.

Nyumbani, linalojijaza lenyewe litunzwe likiwa limetandazwa, vali wazi, chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Likikaa limeviringishwa kwa miezi, sponji huzoea kubanwa na haitanuki tena inavyopaswa.