Kutoa Themostati Hakupozi Injini

Limeletwa gari lingine juzi. Land Cruiser ya utalii, injini ya dizeli aina ya 1HZ, bodi limerefushwa, viti saba, friji, tairi mbili za akiba. Lilichemsha likipanda njia ya Lerai kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro, na wageni ndani. Kabla sijagusa boneti dereva akaniwahi: "Fundi, themostati nilishatoa zamani, hiyo usihangaike nayo." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno hapa Arusha: watu wanaamini ukiitoa themostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, injini inapoa zaidi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake mikono ikiwa na grisi, kwa hiyo leo nayaandika.

Themostati ya 1HZ ina milango miwili. Mkubwa kila mtu anaujua: injini ikiwa ya baridi umefungwa, nta iliyo ndani ikipata moto inatanuka na kuusukuma, maji yanaanza kuzunguka kupitia rejeta. Wa pili ni kile kisahani cha mkiani, chenye kaspringi kake, ambacho wanaoitoa hawakitazami hata mara moja. Kazi yake ni kinyume cha ule wa kwanza. Mlango mkubwa unapofunguka, kisahani kinasogea na kuziba baipasi, ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye wota pampu bila kuyapitisha kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi baipasi inahitajika. Ikishapata moto lazima izibwe. Ukiitoa themostati umeng'oa milango yote miwili, na baipasi inabaki wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kuguswa na upepo wa feni, na inafanya hivyo mlimani, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, pale ambapo ulihitaji kila lita ipite kwenye rejeta.

Sasa wapo mafundi wenzangu wanaotetea themostati kwa sababu ya uongo, na hao wananiudhi kuliko dereva, maana wao wanafundisha vijana. Wanasema bila themostati maji yanakimbia sana, hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta. Jamani, maji yanazunguka! Yakikaa kidogo kwenye rejeta, yanakaa kidogo kwenye injini pia, na yanarudi kupoa mapema zaidi. Tena maji yanayokwenda kasi hubeba joto vizuri kuliko yanayotambaa. Mama anayetaka uji wa mtoto upoe haraka haukodolei macho, anaukoroga. Kasi ya maji haijawahi kuchemsha gari. Kinachochemsha ni maji yanayoikwepa rejeta. Kuna na jambo la pili, dogo lakini la kweli: themostati huibana pampu kidogo, na mbano huo huongeza presha ya maji ndani ya bloku na silinda hedi, hivyo mvuke haupati nafasi ya kujikusanya kwenye sehemu zenye moto mkali. Ukimfundisha kijana hadithi ya maji yanayokimbia, siku moja atabana mpira wa rejeta kwa makusudi "ili maji yatulie". Nimeshaona mpira uliofanyiwa hivyo.

Nisimwonee dereva, imani yake haikutoka hewani. Themostati hukwama kweli. Gari likijazwa maji ya kisima mwaka mzima bila kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta), kutu na magamba hukusanyika, mlango unagoma kufunguka, gari linachemsha porini. Ukiitoa hapo hapo, linapona. Nami nimewahi kuitoa porini, na nikiikuta imekwama nitaitoa tena ili watu wafike kambini. Tatizo ni kwamba huduma ya kwanza imegeuzwa matibabu. Kuna na jingine wanaloniambia, na hapo sina ubishi: "Mbona langu lina miaka miwili halina themostati na halijachemsha?" Inawezekana kabisa. Rejeta safi kwenye lami, ukitoka Makuyuni asubuhi na gari tupu, ina uwezo wa ziada unaofunika kosa hilo. Pakia watu saba, washa AC, panda Lerai saa nane mchana, uwezo huo wa ziada umekwisha.

Upande wa baridi nitapita haraka. Asubuhi ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, dizeli isiyo na themostati inachukua muda mrefu sana kupata joto lake. Inatoa moshi mweupe, inakula mafuta, na dizeli isiyoungua inachuruzika ukutani mwa silinda hadi kwenye oili. Kwa hiyo huyo anayejisifu kwamba geji yake ya joto haipandi, injini yake inalika polepole. Na geji yenyewe usiiamini sana. Nyingi za Toyota zimetengenezwa zitulie katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi kadhaa, na ukiona mshale unaanza kupanda, mambo yalishaharibika muda.

Joto la chini ya boneti ni suala la hewa. Rejeta inahitaji hewa iingie mbele na ipate pa kutokea nyuma. Gari hili la juzi lilikuwa na taa nne za nyongeza kwenye ngao ya mbele, na feni ya umeme imefungwa kwa waya mbele ya kondensa ya AC (ile kama rejeta ndogo inayokaa mbele ya rejeta), nayo haizunguki. Feni isiyozunguka ni ukuta. Katikati ya kondensa na rejeta palikuwa na mbegu za nyasi zimeshikamana na vumbi kama blanketi. Dereva anaosha rejeta kila wiki, lakini anapiga maji kutoka mbele, kwa hiyo anazishindilia. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, presha ndogo, na ikibidi kondensa ifunguliwe isogezwe.

Halafu nikakuta washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, zimewekwa kwenye bawaba za boneti ili nyuma ibaki wazi "joto litoke". Likiwa limesimama au likitambaa, ndiyo, joto linatoka, utaliona likicheza juu ya kioo. Lakini ukifika kilomita 80 kwa saa, chini ya kioo cha mbele presha ya hewa ni kubwa. Ndiyo maana matundu ya hewa ya kabini yamewekwa hapo. Hewa inaweza kuingia kwenye injini kupitia huo mwanya badala ya kutoka, na ile ya rejeta inakosa msukumo. Ukiwa na uvujaji wa ekzosi, moshi unaelekea kwa abiria. Kwa gari lisilotoka porini kamwe labda ningekubali. Gari la utalii linakula lami na vumbi siku hiyo hiyo.

Mfuniko wa rejeta ni bei ndogo na unadharauliwa. Ukingoni mwa kreta maji matupu huchemka karibu nyuzi 92. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, yaani unaoshikilia presha ya karibu bar 0.9, unasogeza mpaka huo hadi karibu 114. Raba yake ikikatika, umepoteza nyuzi zaidi ya 20 bila kugusa kitu kingine.

Bandeji ya joto ya kufunga ekzosi nimebadili msimamo mara mbili. Inapunguza joto linalopiga nyaya na betri, nimeliona hilo kwa mkono. Lakini inashika tope na maji, na bomba linaoza ndani yake pasipo mtu kuona. Sasa hivi nafunga ngao ya bati yenye nafasi katikati, na bado sijaridhika nayo kwa asilimia mia.

Nilichokuta mwisho kwenye gari hili ni kwamba kava la feni, lile linaloizunguka feni nyuma ya rejeta, halipo. Lilivunjika, likatupwa, na hakuna aliyelitafutia jingine. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwa mwendo wa Lerai, ambako upepo wa mwendo haupo, kava ni nusu ya feni.

Tukarudisha kava na themostati mpya, kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu, tukaweka mfuniko mpya, tukaosha rejeta, tukaondoa feni iliyokufa, taa mbili na washa za boneti. Limeshapanda Lerai mara mbili na wageni, halijachemsha. Dereva ananiuliza dawa ilikuwa ipi hasa. Tulifanya yote siku moja, kwa hiyo siwezi kumwapia. Akinibana, nitasema kava.