Elasticsearch na JavaScript: kwa nini kurasa zinarudia au kuruka hati

Ukiona hati za ukurasa wa kwanza zinajitokeza tena kwenye wa pili, au nyingine hazionekani popote, usiharakishe kulaumu seva. Kama unaitumia Elasticsearch (injini ya kuhifadhi na kutafuta hati) kupitia maktaba yake ya JavaScript, kagua kwanza namba ndefu.

Fildi ya `long`, aina ya namba nzima ndefu ya Elasticsearch, hubeba hadi 9223372036854775807. JavaScript huweka namba zake za kawaida kwa nukta inayoelea, na uhakika wa namba nzima unaishia 9007199254740991. Kwa hiyo maktaba ikisoma jibu la JSON lenye 9007199254740993, wewe unapata 9007199254740992, na hakuna kosa lolote linaloripotiwa.

Anayeumia zaidi ni anayetumia `search_after`, njia ya kuomba ukurasa unaofuata kuanzia hati ya mwisho uliyopata, maana thamani za `sort` (za kupangia hati) zilizokwisha kupotoka ndizo anazomrudishia seva kama alama ya kuendelea. Chukua `date_nanos`, fildi ya tarehe inayohesabu hadi nanosekunde: nanosekunde za miaka hii zina tarakimu 19, na kwa ukubwa huo JavaScript hupiga hatua za 256, yaani namba zilizo katikati ya hatua hizo huzungushwa. Ukipanga kuanzia ndogo, alama ikishuka, hati ya mwisho inarudi tena; ikipanda, zilizo katikati zinarukwa. Hati isiyo na thamani kwenye fildi ya `long` hupewa 9223372036854775807. Inarudi kwa seva ikiwa 9223372036854776000, na ombi linakataliwa kwa kuzidi kikomo. Afadhali hilo, kwa kuwa kosa unaliona.

Kuthibitisha, tuma ombi lile lile kwa curl (programu ya kutuma maombi kutoka kwenye terminali), kisha linganisha tarakimu za mwisho. Usilipitishe jibu kwenye jq 1.6 (programu ya kusomea JSON), nayo huzikorofisha namba hizi, tumia 1.7 au ya baadaye.

Kwa vitambulisho, mimi hushikilia `keyword`, fildi ya matini isiyokatwakatwa, kwani hakuna anayevijumlisha. Lakini kubadili mapping (maelezo ya aina za fildi) peke yake hakutoshi: `_source`, nakala ya hati inayohifadhiwa, hurudisha JSON kama ulivyoituma, hivyo lazima utume `"9007199254740993"` ndani ya alama za kunukuu.

Kwa tarehe, omba thamani irudi kama matini:

`{"wakati": {"order": "asc", "format": "strict_date_optional_time_nanos", "numeric_type": "date_nanos"}}`

Kwa `long` ambayo baadhi ya hati hazina thamani yake, ongeza `"missing": 9007199254740991` kwenye `sort`; mradi thamani zako halisi ziko chini ya hapo, hati hizo zitabaki mwishoni.

Ikiwa data si yako na huwezi kuigusa, rithi klasi ya `Serializer` ya maktaba, uandike upya `serialize` (ya kuandika JSON) na `deserialize` (ya kuisoma) kwa json-bigint, maktaba inayohifadhi namba ndefu kikamilifu, kisha uipitishe unapounda `Client`. Badilisha zote mbili: ukiigusa ya kusoma tu na kupata `BigInt` (aina ya JavaScript ya namba nzima ndefu), `JSON.stringify`, kazi ya kawaida ya kuandika JSON, itagoma mara utakapoituma.