"Watoto watachoka na historia": maneno ninayoambiwa kila likizo ya Juni

Simu ya juzi ilianza kama zote. Baba wa watoto watatu, yuko Dar, anataka kuileta familia Mwanza kwa siku nne. Nikamtajia Kageye, Bujora na kilima cha Robert Koch. Akanikatiza: "Dada yangu, mambo ya mkoloni ni ya watu wazima. Watoto watachoka. Wewe tupeleke tu wakaogelee ziwani." Makosa mawili kwa pumzi moja, na la pili ni la kumfikisha mtoto maabara. Nimetembeza familia hapa mjini miaka kumi na moja, na maneno hayo nayajua kiasi kwamba namalizia mteja kabla hajafika mwisho.

Tuanze na hilo la kuchoka, maana ndilo linaloniudhi.

Mtoto hachoshwi na historia. Anachoshwa na kusimamishwa juani saa saba mchana mbele ya ukuta, baba anasoma kibao kwa sauti ya mwalimu wa zamu, mama anamwambia atulie apigwe picha. Hata mimi ningelia. Ukimwambia mtoto wa miaka saba kwamba Wajerumani waliweka boma lao Mwanza mwaka 1892, umemwambia namba tu. Mpe kitu cha kubeba, cha kugusa au cha kubishania, halafu uone kama atauliza tunarudi lini.

Kageye, kwa mfano, kijiji cha ufukweni wilayani Magu. Mpelelezi Henry Stanley alifika hapo mwishoni mwa Februari 1875, na msafara wake ulikuwa umetoka Bagamoyo Novemba. Katika mizigo kulikuwa na mashua, Lady Alice, imetenganishwa vipande, na kila kipande kiko mabegani mwa watu. Mimi hubeba dumu la maji la lita 10 na mti imara. Nalifunga katikati ya mti, watoto wawili wanashika ncha, wanakwenda nalo hadi karibu na maji. Hawajafika hatua mia, wameshaanza kulaumiana. Hapo ndipo nawaambia: kutoka Bagamoyo hadi hapa, kwa miguu. Sasa niambieni, vitabu vimeandika jina la nani? Wapagazi wengi majina yao yamepotea. Mmoja aliyebaki ni Mabruki, aliyekuwa ameshatembea na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke kabla ya Stanley. Alifia Kageye mwaka huohuo, kama alivyofia hapo kijana wa Kiingereza, Frederick Barker. Kijiji hichohicho kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na hilo nalo silifichi. Sijawahi kumwona mtoto akipiga miayo Kageye. Wazazi, ndiyo.

Au chukua kilima cha Robert Koch, pale katikati ya mji, na ile nyumba ya Kijerumani juu yake wanayoiita ya Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya enzi hizo. Mtajie mtoto jina la Koch, atakutazama tu. Mwambie ndiye aliyetambua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, anaanza kusikiliza, kwa sababu kifua kikuu amekisikia shuleni. Endelea: mwaka 1906 akaja kwenye ziwa hilihili kutafuta dawa ya malale, akaweka kambi visiwa vya Ssese upande wa Uganda, akawachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Msichana mmoja wa darasa la tano aliniuliza: "Aliwaomba ruhusa?" Mama yake alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu.

Bujora ndiyo rahisi kuliko zote, na bado watu wananiuliza kama "inafaa watoto". Makumbusho ya Wasukuma iko Kisesa, kando ya njia ya kwenda Musoma. Iliasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na kanisa lake ni la duara kama msonge. Kuna ngoma za watemi. Kuna habari ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kwa dawa na kwa madaha tangu kabla ya baba zetu, na watoto huchagua upande ndani ya dakika mbili kama Simba na Yanga. (Mimi Mgalu, msinibishie.) Ukija Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, utakuta wachezaji na nyoka hai. Na katikati ya vumbi hilo mkoloni anaingia mwenyewe: mtoto anauliza watemi walikwenda wapi, nawe unamweleza kodi ya nyumba ya Mjerumani iliyoanza 1898, rupia 3, na jinsi mtemi alivyogeuzwa mkusanyaji wake.

Masharti yangu mnayajua wateja wa zamani: saa moja na nusu asubuhi tuko barabarani, mahali pamoja tu kwa siku, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwenye mfuko wa kila mtoto. Mzazi anayetaka vituo vitano kwa siku atafute mtu mwingine.

Kuna wanaoniomba nisiseme habari za viboko na utumwa, eti watoto wataota usiku. Watoto hawa wanatazama katuni za watu kukatwa vichwa. "Hamsa ishirini", viboko 25 vya Mjerumani, babu zao walilijua neno hilo kama salamu. Lisemwe kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, na swali la mtoto lijibiwe. Basi.

Sasa ziwa. Wazazi huniambia: "Maji yanatembea, yana mawimbi, kichocho kiko kwenye madimbwi." Hapana. Konokono wanaobeba kichocho wanaishi ukingoni mwa ziwa, hasa penye majani na pale watu wanapofulia na kuchotea, yaani palepale mnapotaka kuogelea. Mdudu anapenya ngozi kwa dakika chache, na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Waogelee kwenye bwawa la hoteli, au wapande boti kwenda kisiwa cha Saanane wakaone wanyama, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Na kama mwanao ameshaingia majini, apimwe wiki sita hadi nane baadaye, maana kupima kesho yake hakuonyeshi kitu. Dawa ya praziquantel inatibu. Msipuuze tu.

Neno jingine ninaloambiwa: "Speke aligundua ziwa." Tafadhali. Aliliona tarehe 3 Agosti 1858, baada ya siku 25 za kutembea kutoka Kaze, Tabora ya leo, akiwa na msafiri mwenzake wa Kiafrika, Sidi Mubarak Bombay, na watu aliowakuta hapa walikuwa wanaliita Nyanza na kulivua samaki. Alilipa jina la malkia wake, Victoria, ndivyo ilivyo kwenye ramani. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa mjini, nalo ni hivyohivyo: mwenye jina, kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika. Mtoto mmoja alidhani alikuwa mvuvi, na nilisita kumsahihisha.

Wengine bado wanapanga safari ya Sengerema na kutenga nusu siku ya foleni ya pantoni ya Busisi. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3, mnapita bila kushuka kwenye gari.

Kisiwa cha Ukerewe ni kinyume chake: wanaitengea saa chache. Meli ya Mwanza hadi Nansio ni kama saa tatu kwenda, na tatu kurudi, na ikulu ya omukama (mtawala wa jadi wa Ukerewe) kule Bukindo haiko gatini. Laleni. Pia ulizeni jaketi za kuokolea za saizi ya mtoto kabla ya kukata tiketi. Jaketi la mtu mzima linamponyoka mtoto majini, na mwenye chombo akisema "atashikilia tu", shukeni mngoje kingine.